Hema Lenye Kabati

Sipendi mtu aniambie kwamba Nairobi haina baridi. Wageni husema hivyo, na watu waliokulia milimani husema hivyo wakicheka. Mimi huwaacha waseme. Agosti moja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nililala kwenye hema ukingoni mwa Umoja, mahali ambapo upepo ulitoka upande wa Embakasi na kupita uwandani bila kukutana na kitu, na tangu hapo sihitaji kuelezwa habari ya baridi na mtu yeyote.

Tulikuwa kambini. Kanisa letu lilikuwa na desturi ya makambi. Kila Agosti, shule zikishafungwa, familia zilifunga nyumba zao, zikabeba magodoro, sufuria na Biblia, zikaenda kukaa kwenye mahema juma zima zikisikiliza mahubiri asubuhi, mchana na jioni. Uwanja wenyewe ulikuwa karibu mno. Waumini wa Umoja waliyaona mapaa ya nyumba zao wakiwa wamesimama mlangoni pa hema, na hakuna aliyeona ajabu. Nia ilikuwa kuacha starehe ya nyumba, na aliyetoroka kwenda kulala kwake, hata kwa sababu ya mafua, alisemwa mpaka kambi ya mwaka uliofuata.

Mwaka ule familia yetu ndiyo iliyofika ya kwanza. Tulifika hata mashimo ya vyoo hayajachimbwa. Alikuwapo mama, kaka yangu ambaye ndiye kifungua mimba, mimi, dada yangu mdogo, na kitinda mimba wetu, mvulana wa miaka minne hivi aliyekuwa bado ananyonya kidole. Wengine waliofuata walikuja na godoro na jiko. Sisi tulikuja na mkokoteni uliobeba kabati la vyombo, cherehani, saa ya ukutani, picha ya harusi ya baba na mama ndani ya fremu yake, na ndoo iliyojaa viatu. Akina mama wa kanisa waliokuja kuandaa uwanja walisimama kumtazama mama akipanga kabati ndani ya hema, wakashika viuno kwa mshangao.

"Mama, wewe mwaka huu umehama kabisa!" mmoja akamwambia.

"Nimehama kabisa," mama akajibu, akacheka nao.

Ilikuwa kweli tupu. Baba yetu alikuwa dereva wa lori wa kiwanda, na tulikaa kwenye nyumba za kiwanda hicho, si mbali na Jogoo Road. Alikufa mapema mwaka huo kwa ugonjwa wa ini uliommaliza upesi. Nyumba ilikuwa ya dereva, na dereva mwingine alikuwa ameshaandikwa kazi. Mama alipewa mpaka mwisho wa Julai. Huko kwetu magharibi nako mlango ulikuwa umefungwa. Ndugu ya baba alitaka kumrithi mama, mama akakataa mbele ya wazee, na mjane aliyekataa kurithiwa hakuwa na boma la kurudia. Basi Julai ilipoisha alitazama huku na huku, akaona mahali pamoja tu ambapo mama na watoto wanne wangeweza kulala chini ya turubai bila mtu kuwauliza wana shida gani.

Alitueleza mpango wake njiani, tukisukuma mkokoteni. Juma la kambi lilikuwa lake la kutafuta chumba.

"Mkiulizwa, sisi tumekuja makambi," alisema. "Tukishikana juma hili, hakuna atakayetutenganisha."

Tulielewa wote isipokuwa yule mdogo, ambaye alikuwa ameketi juu ya godoro akidhani tunakwenda sherehe. Mama alijua vizuri kinachowapata watoto wa mjane asiye na nyumba. Huyu huchukuliwa na shangazi Nakuru, yule na mjomba Kitale, na wakija kukutana tena wameshaota ndevu. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo. Ndugu zake aliwataja kama mtu anavyotaja vituo alivyowahi kupita akiwa ndani ya basi. Hilo lilimtisha kuliko baridi, na baridi haikuwa ya mchezo.

Hema letu lilikuwa turubai la lori, lililochakaa mpaka kiwanda kikamwachia baba. Lilinuka dizeli, na kwa sababu baba naye alinuka dizeli, usiku wa kwanza dada yangu alilia na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Chini mama alitandaza nyasi kavu, juu ya nyasi akaweka katoni alizoomba dukani, juu ya katoni magunia, halafu godoro. Kabati alilisimamisha upande wa upepo, vyombo vikiwa ndani ili lisitikisike. Cherehani ikaziba upenyo wa mlango. Magazeti tuliyavaa ndani ya sweta, na ukijigeuza ulisikika kama mtu anayefungiwa nyama buchani. Jiko la makaa halikuingia hemani hata mara moja, maana mama alikuwa amewahi kuwazika majirani waliolala nalo. Badala yake alichemsha maji jioni, akayatia kwenye chupa, akazivisha chupa hizo soksi za baba, na kila mtoto akapewa yake ya kukumbatia.

Tulilala mzungu wa nne, mmoja kichwa huku na mwingine kichwa kule, miguu ya kaka ikiwa kwapani mwangu na yangu kwapani mwake. Kaka alikuwa na miguu ya kunuka, nasema hivyo kwa upendo. Mdogo wetu aliwekwa katikati. Mama alilala mlangoni akiwa amevaa koti la kazi la baba, na kabla ya usingizi kumchukua alinyosha mkono gizani akatuhesabu kwa kugusa, na akigusa mguu mahali alipotarajia kichwa alicheka peke yake. Niseme wazi kwamba nilikuwa na furaha. Baba amekufa, nyumba imekwenda, meno yanagongana, na mimi nilikuwa na furaha kwa sababu wote walikuwa mahali ambapo mkono wangu uliwafikia. Sijapata tena usingizi kama ule.

Mchana mama aliponyoka kwenye mahubiri akiwa ameshika Biblia, kama mtu anayekwenda kuwaona wagonjwa. Alikuwa akizunguka Umoja, ambako wenye nyumba walikuwa wameanza kuongeza vyumba vya kupangisha nyuma na mbele. Maswali yalikuwa yale yale kila mlango. Bwana yuko wapi? Unafanya kazi gani? Watoto ni wangapi? Alijifunza kusema ni wawili, na hata hao wawili walionekana wengi. Kaka alimsubiri nje ya uwanja, na akimwona kwa mbali alijua jibu kutokana na jinsi alivyokuwa akitembea.

"Bado," mama alisema, kila siku, kwa sauti ya mtu anayezungumzia chakula kilicho jikoni.

Jirani yetu wa hema alikuwa mwalimu wa watoto pale kambini. Alikuwa mke wa karani wa serikali, mwenyeji wa Machakos, na walikaa Buruburu kwenye nyumba yenye ua na geti. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Alikuwa na sauti nzuri na mikono isiyotulia. Akikukuta na kamasi alikupangusa kwanza, ndipo akakuuliza wewe ni wa nani. Mdogo wetu alimpenda siku ile ile ya kwanza. Kaka akatuonya mimi na dada.

"Msibonge sana na huyo teacher, msije mkasema siri," alisema. "Mathe amekataa."

Katikati ya juma mvua ikanyesha. Agosti ya Nairobi kwa kawaida hutoa manyunyu tu, yale ya kukulowesha bila kukuomba radhi, lakini siku hiyo ilishuka mvua ya kweli tangu alasiri. Maji yalipita chini ya mahema, na watu ambao jana walikuwa wakiimba kwamba dunia si kwao wakaanza kukunja magodoro. Mwalimu alikuja mlangoni kwetu na mwavuli. Mdogo wetu alikuwa ameanza kukohoa.

"Mama, hii mvua si ya kuchezea. Rudini tu kwenu mlale, kesho mtakuja. Mungu hataona vibaya."

"Sisi tutakaa, dada. Tulisema tunakuja kambi, tumekuja kambi."

"Na huyu mtoto anakohoa?"

"Nitamkanda kifua."

Mwalimu alimtazama mama kwa muda, na usoni mwake niliona heshima kubwa. Alirudi hemani kwake, akatuletea blanketi lake zito, akaondoka na mumewe. Uwanja ulibaki na sisi na mlinzi tu. Mama alizitoa droo za kabati akazilaza kifudifudi, akaweka godoro juu yake ili tusiguse maji. Tuliketi tumeegemeana, kaka akishikilia nguzo ya hema kwa mikono miwili, mama amemfungia mdogo wetu ndani ya koti mpaka pua tu ikawa nje. Kule ng'ambo taa za Umoja zilikuwa zinawaka madirishani. Dada aliuliza kama yule dereva mpya ana watoto. Mama akamwambia ndiyo, anao, na ni wadogo kama sisi.

Kesho yake watu waliporudi, wamekauka na wamekula, mzee wa kanisa alimsimamisha mama mbele ya hema kubwa. Alisema kwamba wanaume wenye nguvu wamekimbia manyunyu, na mjane amebaki na watoto wake chini ya turubai kwa sababu ya imani. Alisema sote tujifunze kwake. Watu waliitikia amina, wengine wakapiga makofi. Mama alisimama akitazama vidole vyake vya miguu, ambavyo vilikuwa na matope.

"Ona," kaka akaninong'oneza. "Mathe anapigiwa makofi juu ya kukosa nyumba."

Nilimkanyaga mguu ili anyamaze, kwa sababu nilikuwa karibu kulia na sikutaka kusaidiwa. Nadhani mama alikuwa amefikia mahali pa kumwambia mzee yule ukweli. Mzee alikuwa mtu mwenye sikio la kusikia, na asubuhi hiyo nilimwona mama akijifunga kitambaa upya na kufuata njia ya kwenda kwake kabla ya kengele kulia. Baada ya kusifiwa hivyo mbele ya watu, angeanzia wapi? Alirudi kwenye kiti, akaimba wimbo uliofuata hadi mwisho, na mchana akachukua Biblia akaenda tena kutafuta.

Mambo yaliharibika siku moja kabla ya kambi kufungwa, kwenye hema la watoto. Mwalimu alikuwa na kawaida yake: kabla ya kufunga alimwuliza kila mtoto jambo moja analotaka waliombee. Mmoja alitaka baiskeli. Mwingine alitaka babake aache pombe, na sote tukamjua babake. Zamu ya mdogo wetu ilipofika, alitoa kidole mdomoni.

"Nataka Mungu atupe nyumba," alisema. "Ile yetu iko na watu wengine. Mama anatafuta na hapati, na mimi nimechoka kulala na kabati."

Watoto walicheka kwa sababu ya kabati. Mwalimu hakucheka. Alinitazama mimi, kisha dada, na sisi sote wawili tukainamisha vichwa, na hilo lilimtosha. Aliomba sala fupi sana, akatutoa nje tukacheze.

Alipoingia hemani kwetu alasiri, mama alikuwa ameketi juu ya ndoo akishona kifungo. Mwalimu alilitazama kabati, akaitazama saa, akaitazama picha ya harusi iliyokuwa imeegemezwa kwenye cherehani. Vitu hivyo alikuwa ameviona juma zima. Sasa aliviona tena, akaketi chini kwenye magunia na nguo zake nzuri, akaanza kulia kwa sauti. Mama ndiye aliyembembeleza.

"Usilie, dada," alimwambia. "Juma halijaisha."

Jioni walikuja mzee wa kanisa na watu wengine wachache, wakaketi walipopata. Walikuwa watu wema. Nasisitiza hilo, maana nimejaribu miaka mingi kuwachukia na nimeshindwa. Walimkemea mama kwa upole kwa kuficha shida yake, wakaomba, kisha kila mmoja akaanza kuifikiria nyumba yake mwenyewe. Familia moja ya Umoja ilikuwa na binti wa umri wangu, na kitanda chake kilitosha wawili. Mwingine alikuwa na nafasi ya mvulana mkubwa anayeweza kusaidia dukani. Mjane mmoja mzee alitaka dada yangu amkalie karibu. Mwalimu aliomba amchukue kitinda mimba, mpaka kifua kipone.

Mama alisikiliza mpaka wakamaliza.

"Nipeni chumba kimoja," alisema. "Hata stoo. Hata jikoni kwa mtu. Tutaenea, ninyi wenyewe mmeona tunavyoenea."

"Mama," mzee akamjibu, na sauti yake ilikuwa na huruma, "chumba kimoja, watu watano, huna kazi, na mtoto anakohoa namna hii? Ni mpaka usimame tu. Hawaendi mbali. Watakuwa hapa hapa Eastlands."

Hakuna aliyeuliza ni nani kati yao ana stoo. Sidhani walimnyima; nadhani haikuwajia kabisa. Mtu mwenye kitanda kilicho na nafasi hufikiria mtoto mmoja wa kukijaza, na akishamfikiria anajiona amesaidia, na kweli amesaidia. Tuligawanywa vile tunavyogawa mitungi ya maji ya kubeba, kila mtu anachukua anaouweza. Ningependa kusema kwamba mama alipigana. Alikuwa amefungua kinywa. Ndipo mdogo wetu akaanza kukohoa, kikohozi kirefu kilichomkunja mpaka paji la uso likagusa magoti, na mama akamtazama mpaka kikaisha.

"Sawa," alisema.

Kwa miaka mingi nililichukia neno hilo.

Kambi ilipofungwa tulisaidiana kung'oa hema. Kabati na cherehani zilikwenda kuwekwa kanisani. Mama alituosha nyuso kwa maji ya moto, akatupaka mafuta, akatuvalisha soksi. Aliniinamia, akavuta kola ya sweta yangu ikae sawa, akaivuta tena.

"Msilie," alituambia. "Mkilia watadhani hatuna shukrani."

Hatukulia. Kaka alipewa mkono na mwenye duka kama mtu mzima, akaenda bila kugeuka. Dada alikwenda ameshikwa mkono na bibi yule mzee. Mdogo wetu alipanda gari kwa mara ya kwanza maishani mwake, la mume wa mwalimu, na furaha ikamjaa usoni. Alitupungia mkono dirishani mpaka gari likaingia barabarani. Mama naye alipunga. Gari lilipopotea aliokota magunia, akaanza kuyakung'uta vumbi, gunia moja baada ya jingine, kwa nguvu, na mimi nikaambiwa kwamba wenyeji wangu wananisubiri.

Ile "mpaka usimame" ilichukua muda wake. Mama alipata kazi ya yaya ng'ambo ya mji, kwenye nyumba ya watu ambapo alipewa chumba cha nyuma na kuambiwa watoto hawaruhusiwi. Baadaye alipata kazi ya kushona, na chumba chake, lakini wakati huo kaka alikuwa ameshaingia gereji na hakutaka kulazwa tena na wasichana, na shangazi yetu mmoja alikuwa amekuja kumchukua dada na kumpeleka Kitale kwa shule. Kila mara mmoja alikuwa amekosekana. Sote watano hatukulala tena chini ya paa moja, wala turubai moja, mpaka mama akafa.

Alipokuwa yaya, mama alikuwa na ruhusa ya Jumapili moja kila mwezi, na hiyo aliigawa kati yetu kwa zamu, na zamu ya Buruburu ndiyo iliyochelewa kuliko zote. Jumapili moja, baada ya miaka miwili hivi, alinipitia Umoja tukaenda pamoja Buruburu. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na alikuwa amenunua mkate. Geti lilikuwa wazi. Tulibisha mlango, akafungua yeye mwenyewe, mdogo wetu. Alikuwa amenenepa, nywele zimechanwa, viatu vinang'aa. Alitutazama kwa adabu.

"Mama!" aliita, akiwa amegeukia ndani. "Kuna wageni!"

Mwalimu alitoka mbio jikoni akifuta mikono, uso umemshuka. "Si nimekuambia mama yako anakuja leo? Huyu ndiye mama yako. Msalimie."

"Mwache," mama akasema. "Alikuwa mdogo."

Alinyosha mkono, naye akauinamia na kusalimia vizuri kabisa. Tuliletewa chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi. Mama aliuliza habari za kifua. Mwalimu alisema kilipona mwezi ule ule wa kwanza, na hakijarudi tena, hata Julai ikiwa kali vipi. Mama alisema asante. Alisema asante kwa kifua, kwa shule, kwa viatu, kwa chai, mpaka mwalimu akaanza kulia na kuomba msamaha, bila kusema ni wa nini. Mama alikunywa chai yake yote, akaweka kikombe mezani, akasema saa zimekwenda.

Mdogo wangu alikuwa amefundishwa kwamba mgeni husindikizwa. Hakungoja kuambiwa. Alitangulia mbele yetu kwenye ua, akatufungulia geti kwa mikono miwili, akasimama kando ili tupite.

"Asanteni kwa kuja," alisema. "Karibuni tena."

"Asante, baba," mama akamwambia. "Tutakuja."

Naye akalifunga geti, akahakikisha limeshika, akarudi ndani kwao.